Udongo wa bahari wa Kilwa na visukuku vyake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wengi wakisikia Kilwa wanawaza magofu, Ibn Battuta na pweza. Mimi nawaza tope. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa sana kuhusu mwambatope wa pwani ya kusini, nikayajibu kwa lugha ya kawaida, kwa sababu habari nyingi kuhusu huu mwamba zimeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu na wenye Kilwa yao hawazipati.

Kwanza, tunaongelea kitu gani hasa?

Tunaongelea mfululizo wa miamba ya tope la baharini iliyolala chini ya ardhi ya pwani ya kusini ya Tanzania, kuanzia upande wa Kilwa kushuka mpaka Lindi. Wanajiolojia wanauita Kundi la Kilwa. Kwa sehemu kubwa ni mfinyanzi ulioshindiliwa ukawa mwamba laini, rangi ya kijivu iliyoiva inayoelekea kijani, na hapa na pale kuna vitabaka vyembamba vya mchanga au chokaa. Ukijumlisha unene wote unapita kilomita moja. Umri wake unaanzia miaka milioni 80 na kitu iliyopita, enzi za Kretasia, unapanda kupitia enzi zilizofuata, Paleosini na Eosini, unaishia mwanzo wa Oligosini kwenye miaka milioni 30 na kitu.

Kwa macho ya kawaida hauna mvuto wowote, ni tope tu. Lakini ndani yake kuna visukuku, yaani magamba ya viumbe wadogo wa baharini wa zamani waliohifadhika kwa ubora ambao sehemu chache sana duniani zimeufikia, na ndio maana maabara za Ulaya na Marekani zinaujua udongo wa Kilwa kuliko wanavyoujua watu wanaoukanyaga kila siku.

Kwa nini tabaka zina majina ya vituo vya basi?

Kwa sababu kijiolojia tabaka hupewa jina la mahali linapoonekana au lilipochunguzwa vizuri. Mwaka 2006 Kundi la Kilwa liligawanywa rasmi kwenye fomesheni nne, yaani mafungu ya tabaka zinazofanana, kutoka ya chini yenye umri mkubwa kwenda ya juu: Nangurukuru, Kivinje, Masoko, na Pande. Kwa hiyo ukishuka pale Nangurukuru njia panda ya kuingia Kilwa Masoko, umeshuka kwenye jina ambalo liko kwenye majarida ya sayansi dunia nzima, na ni jina linalobeba mwisho wa Kretasia. Baadaye wataalamu wakaongeza na Fomesheni ya Lindi, ya zamani zaidi, inakaa chini ya hizo nne.

Tope la bahari limefikaje nchi kavu?

Hii stori inaanza na Gondwana, lile bara kubwa la zamani ambamo Afrika, Madagaska, India, Antaktika na wengine walikuwa wameungana. Kwenye miaka milioni 170 hivi iliyopita lilianza kupasuka upande wetu, Madagaska ikaachana na Afrika Mashariki ikawa inateleza kuelekea kusini taratibu, na bahari ikaingia kwenye nafasi iliyobaki. Madagaska ilipofika ilipo na kutulia, ukingo wetu wa pwani ukatulia nao, hakuna volkano, hakuna kugongana kwa mabara, ni mito tu inaleta tope kutoka bara na bahari inalipokea.

Sasa tope hili la Kilwa halikutua ufukweni. Lilitua mbali kidogo, kwenye mteremko ambapo kina kinakwenda mita mia kadhaa, mahali ambapo chembe laini zinazama polepole pamoja na magamba ya viumbe waliokuwa wanaelea juu. Hivyo kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Baadaye sana ardhi ikainuka, maji yakarudi nyuma, mipasuko ya ardhi ikainamisha tabaka huku na huku, na sakafu ya bahari ya zamani ikajikuta iko chini ya minazi na mikorosho.

Hivyo visukuku ni vya nini? Samaki? Konokono?

Vingi ni foraminifera. Ni viumbe wenye seli moja tu, lakini wanajijengea gamba la kalsaiti, madini ya chokaa, lenye vyumba, kila akikua anaongeza chumba kingine kikubwa kuliko cha mwanzo. Wengi hawafiki milimita moja. Wengine wanaelea karibu na uso wa bahari, wengine wanaishi sakafuni, na hii tofauti ni muhimu sana, nitaifikia. Hawajaisha kabisa, wapo mpaka leo kwenye Bahari ya Hindi hii hii, na magamba yao ni sehemu ya mchanga mweupe wa fukwe nyingi za kwetu.

Halafu kuna wadogo zaidi, mabaki ya mwani wa kuelea ambao walijifunika vibamba vya chokaa. Hivi ni vidogo hadi unahitaji hadubini yenye nguvu kubwa. Kwenye Kundi la Kilwa vimepatikana kwa wingi na kwa aina nyingi mno, pamoja na aina ambazo zilikuwa hazijawahi kuelezwa popote, kwa sababu kwingine vibamba laini namna hiyo huwa vimeyeyuka vikapotea. Mwaka 2008 watafiti walichapisha makala wakaliweka Kundi la Kilwa kwenye daraja la juu la hifadhi za visukuku duniani, lile daraja wanalowekwa wale wenye visukuku vilivyokaa kwa ukamilifu usio wa kawaida.

Lakini visukuku vya foraminifera viko bahari zote. Vya Kilwa vina nini cha ziada?

Hili ndilo swali lenyewe, naomba ulisome jibu lake mpaka mwisho hata kama mengine utaruka.

Gamba likizama sakafuni haliachwi hivi hivi. Kule chini kwenye bahari kuu, tope mara nyingi ni la chokaa na lina matundu, maji yanapita, na kwa mamilioni ya miaka kalsaiti ya zamani inayeyuka kidogo na mpya inaganda juu yake, chembe kwa chembe. Gamba linabaki na umbo lake, ukiliangalia kwa haraka unaona liko safi, kumbe ni ukuta uliopigwa rangi mara ishirini, ile rangi ya kwanza huioni tena. Magamba ya hivyo yakiwekwa chini ya hadubini yanaonekana meupe, ya ukungu.

Ya Kilwa yanang'aa, unaona mwanga unapita. Sababu ni mbili na zote ni za kawaida kabisa. Moja, mfinyanzi hauruhusu maji kupita, kwa hiyo kila gamba lilifungiwa peke yake ndani ya tope na kemia ya nje haikulifikia. Mbili, tope hili halikuwahi kufukiwa chini sana, halikupata joto kubwa la kulipika, na hata mabaki ya mafuta ya viumbe yaliyomo ndani yanaonyesha hivyo. Kilichotufaa ni kwamba hakuna kilichotokea. Miamba mingi maarufu inasifiwa kwa misukosuko iliyopitia, huu unastahili sifa kwa kukaa kimya.

Nani aligundua?

Hakuna siku moja ya ugunduzi. Miaka ya 1950 kampuni za mafuta BP na Shell zilikuwa zinapima pwani ya Tanganyika, zikakusanya sampuli nyingi, na kutokana na sampuli za Lindi wataalamu wawili, Walter Blow na Fred Banner, wakachapisha mwaka 1962 kazi kubwa kuhusu foraminifera wanaoelea. Ile kazi bado inatumika, na aina kadhaa za foraminifera zilielezwa mara ya kwanza duniani kutoka kwenye udongo wetu.

Halafu kukapoa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Paul Pearson kutoka Uingereza akarudi kuangalia tena, safari hii akitafuta hali ya hewa ya zamani. Kazi ikafanyika pamoja na TPDC, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, ambako Joyce Singano, mtaalamu wa visukuku vidogo, alikuwa mmoja wa nguzo za mradi na jina lake liko kwenye makala nyingi zilizotoka. Kuanzia mwaka 2002 ukaanza uchorongaji rasmi, mradi wa kuchoronga Tanzania, shimo moja baada ya jingine kutoka Kilwa mpaka Lindi, na baadaye Wamarekani wakajiunga hasa kwa ajili ya tabaka za Kretasia.

Kinachonisikitisha ni kwamba huyo Singano na wenzake huwakuti kwenye vitabu vya jiografia vya sekondari, wakati mtoto wa Form Two anakariri miamba mashapo kwa mifano ya nchi ambazo hatazifika.

Kwani lazima wachoronge? Si waokote tu juu?

Ukiokota juu unapata udongo uliokwisha kuoza. Mvua zetu na joto letu vinakula mwamba laini haraka, ule ukijani unageuka njano na kahawia, maji ya mvua yenye asidi kidogo yanayeyusha magamba, na majani yanafunika kilichobaki. Lazima ushuke mita kadhaa upate ule wa kijivu ambao haujaguswa. Kwa hiyo wanaleta mtambo wa kuchoronga juu ya lori, bomba linazunguka linashuka, linatoa kipande kirefu cha mviringo cha udongo, wanakipanga kwenye sanduku kwa mpangilio, juu ni juu na chini ni chini, kila kimoja na kina chake kimeandikwa. Mashimo mengi ni ya mita mia moja hivi, si marefu kabisa ukilinganisha na visima vya gesi. Uzuri wa kipande kizima ni kwamba muda haujachanganyika, ukipanda sentimita kadhaa umesogea mbele maelfu ya miaka.

Wanatoaje kitu cha nusu milimita kwenye tope?

Kwa maji na subira. Unachukua kipande cha udongo, unakikausha, unakiloweka. Mfinyanzi wa Kilwa ukikauka vizuri kisha ukaingia kwenye maji unalegea wenyewe unakuwa uji, wakati mwingine unaongeza dawa kidogo kusaidia. Unaumimina kwenye chekecheo lenye matundu ya maikroni 63, mengi hata kwa jicho huyaoni, unapitisha maji taratibu, tope lote linakwenda na maji ya kijivu na kwenye chekecheo linabaki vumbi jeupe la mchanga mchanga. Hilo unalikausha kwa joto dogo.

Ukiliweka chini ya hadubini ndipo unaelewa. Ile unayodhani ni mchanga yote ni magamba. Unachukua brashi ya kuchorea, ile nyembamba kabisa ya nywele chache, unailowesha ncha, unagusa gamba moja linanata, unalihamishia kwenye kibao cheusi chenye visanduku vyenye namba. Moja. Kisha jingine. Mtu anakaa siku nzima anachagua hivyo, na kwa kipimo kimoja cha kemia yanaweza kuhitajika magamba kadhaa ya aina moja na ukubwa unaokaribiana, kwa sababu aina tofauti waliishi kwenye kina tofauti na ukiwachanganya jibu linaharibika.

Gamba linajuaje joto la bahari ya miaka milioni 40 iliyopita?

Oksijeni ina aina nyepesi na nzito, namba 16 na namba 18. Kiumbe anapojenga gamba anachukua oksijeni kutoka kwenye maji, na maji yakiwa ya joto gamba linabeba ile nzito kwa kiwango kidogo, yakiwa baridi kiwango kinapanda. Kwa hiyo unapima uwiano. Kuna jambo la barafu pia, barafu ikijengeka kwenye ncha za dunia inafungia oksijeni nyepesi na bahari nzima inabaki na nzito zaidi, ndiyo maana wanatumia na vipimo vingine kama magnesi dhidi ya kalsi ili kutenganisha joto na barafu.

Na hapa ndipo Kilwa ilipoingia kwenye historia. Kwa miaka mingi kulikuwa na kitendawili: vipimo vya magamba ya bahari kuu vilisema enzi za Eosini na mwisho wa Kretasia bahari za tropiki zilikuwa za baridi kuliko leo, huku kwenye ncha ya kaskazini kulikuwa na jamaa za mamba wanaishi kisiwa cha Ellesmere, Kanada. Haiingii akilini, ncha ziwe na joto halafu ikweta ipoe. Mifano ya kompyuta ikawa haiwezi kabisa kuielezea, watu wakaanza kudhani hatuelewi jinsi dunia inavyopashwa joto.

Mwaka 2001 Pearson na wenzake wakachapisha kwenye jarida la Nature vipimo vya magamba yenye kung'aa, ya Tanzania yakiwemo. Joto likatoka angalau nyuzi 28 mpaka 32. Tropiki haikuwa baridi hata siku moja. Kosa lilikuwa kwenye ile kalsaiti mpya iliyoganda sakafuni kwenye maji baridi, ilikuwa inachanganya ubaridi wa chini na joto la juu. Hii ni kazi kubwa sana, udongo wa pwani yetu ulisahihisha kipimajoto cha dunia, na makala ya mwaka 2007 kutoka Kilwa hiyo hiyo ikaonyesha kwamba bahari ya hapa ilibaki ya joto karibu muda wote wa Eosini.

Nimesikia kuhusu Stakishari. Kuna nini pale?

Stakishari ni kijiji upande wa Pande, na chini yake kuna moja ya rekodi bora duniani za mpaka kati ya Eosini na Oligosini, karibu miaka milioni 33.9 iliyopita. Ule ni wakati dunia ilipotoka kwenye hali ya joto ikaingia kwenye hali ya kuwa na barafu kubwa Antaktika, barafu ambayo mpaka leo ipo.

Alama ya mpaka huo ni kutoweka kwa foraminifera anayeitwa Hantkenina. Huyu ukimwona mara moja humsahau, kila chumba kina mwiba mrefu mwembamba umechomoza, na kwenye vielelezo vya Kilwa ile miiba mingi bado ipo. Kumbuka ni mwiba wa kalsaiti mwembamba kuliko unywele, umekaa ndani ya tope miaka milioni 34. Kwenye mashimo ya Stakishari unawaona wapo, wapo, wapo, halafu wanakoma. Mpaka rasmi wa dunia umewekwa Massignano, Italia, lakini kwa kemia ya magamba pa kwetu panatoa picha safi zaidi, hii ni tathmini yangu na naisimamia. Na hata wale foraminifera wakubwa wa sakafuni, wengine nao wanatoweka karibu na mstari huo huo.

Kutokana na magamba hayo, vipimo vya mwaka 2008 vilionyesha bahari ya hapa ilipoa kama nyuzi 2 na nusu. Mwaka 2009 Pearson, Gavin Foster na Bridget Wade wakatumia isotopu za boroni, yaani aina zake nyepesi na nzito kama zile za oksijeni, kupima hewa ya ukaa ya wakati ule, wakakuta ilishuka mpaka kwenye sehemu 750 hivi kwa milioni karibu na wakati barafu ilipoanza kushika. Leo tumepita 420 na tunapanda, kabla ya viwanda ilikuwa 280. Kwa hiyo mtu akiuliza Kilwa inahusikaje na mabadiliko ya tabianchi, jibu ni kwamba sehemu ya ushahidi wa jinsi barafu inavyoitikia hewa ya ukaa umetoka shambani kwa watu wa Pande.

Kuna dinosaria humo?

Hapana. Unawaza Tendaguru, iko bara ya Lindi, kaskazini magharibi mwa mji, na ni ya Jurasi, miaka milioni 150 hivi. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 hadi 1913 na yule mkubwa, Giraffatitan, amesimama Berlin mpaka leo. Kundi la Kilwa ni la baadaye na ni la bahari yenye kina.

Magofu ya Kilwa Kisiwani yamejengwa kwa mwamba huu?

Hapana, yale ni mawe ya matumbawe na chokaa ya kuchoma, ya umri mdogo sana kijiolojia. Mwambatope huu ukiujengea ukuta mvua ya kwanza tu utaurudisha kuwa tope.

Gesi ya Songo Songo inatoka humu?

Haitoki humu. Nimesema tope hili halikupikwa, na bila kupikwa halitoi gesi wala mafuta ya petroli. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974 na kuanza kutumika 2004, imekaa kwenye mawe ya mchanga ya Kretasia ya zamani zaidi, na imetoka kwenye miamba ya chini zaidi. Ila tope lina kazi yake hapo, tabaka za namna hii ndizo zinazofunika gesi isitoroke, kwa sababu ile ile ya kutopitisha maji. Na kwa TPDC faida nyingine ilikuwa umri: ukijua ni foraminifera gani yuko kwenye tabaka gani, ukichoronga kisima baharini unajua umefika wapi.

Nikienda Kilwa naweza kuona chochote kwa macho?

Ndiyo, kama una bahati ya kupata mawe ya chokaa yaliyomo katikati ya tope. Tafuta vidude vya duara bapa, mfano wa dengu mpaka sarafu ndogo. Hao ni Nummulites, foraminifera wakubwa wa maji ya kina kifupi ambao waliporomoka na mchanga kwenda kwenye mteremko wakati wa Eosini. Kikivunjika katikati utaona vyumba vimejipanga kwa mzunguko. Jamaa zao hao hao wamejaa kwenye mawe ya piramidi za Giza, Misri. Sehemu za kuangalia ni kingo za barabara zilizokatwa, mashimo ya kokoto, na ukingo wa bahari maji yakitoka. Uliza mwenye shamba kwanza, salimia wazee, eleza unachotafuta, watu wa kule ni wastaarabu na wengi hawajawahi kuambiwa kilichopo chini yao.

Naruhusiwa kuchukua au kuuza?

Usiuze na usitoe nje ya nchi. Mambo ya kale yana sheria yake tangu 1964, na utafiti unahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, hata hao waliochoronga walipitia taratibu. Ukiona kitu kikubwa au cha ajabu, mfano mfupa au jino, kiache kilipo, piga picha ukiweka kalamu pembeni kuonyesha ukubwa, chukua lokesheni kwenye simu, halafu peleka taarifa ofisi ya mambo ya kale au Makumbusho ya Taifa. Kikishang'olewa bila kujulikana kilikuwa tabaka gani, nusu ya habari yake imekwenda.

Mimi ni mwanafunzi, nitaingiaje kwenye hii fani?

Jiolojia inafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na UDOM, ingia na kemia, fizikia au jiografia nzuri, na ukifika huko usikimbilie dhahabu tu kama wanavyofanya wengi. Omba mwalimu akuonyeshe sampuli za pwani. Ukiwa bado shule, tafuta hadubini ya maabara ya biolojia, chukua kijiko cha mchanga mweupe wa ufukweni, osha kwa maji ya bomba, kausha, tandaza kwenye karatasi nyeusi na uangalie kwa lenzi ya ukuzaji mdogo kwa mwanga wa kutoka juu. Utakuta magamba ya foraminifera wa leo. Chora unachokiona, hesabu vyumba, andika umechukua wapi na lini, kisha linganisha na mchanga wa ufukwe mwingine.